Mwanga unaopima kiini cha seli: njia ya kuiona saratani kabla haijawa uvimbe

Na Mwandishi Wetu, Moshi

SARATANI ya umio haibishi hodi. Mkazi wa Soweto mjini Moshi, au wa kijiji chochote cha mlimani, huanza kwa kuona pande la nyama limekwama kifuani, akalisukuma kwa maji na kusahau. Baada ya wiki kadhaa ugali nao hukataa kupita, kisha ndizi, hadi mtori mwepesi na uji ndivyo vinavyobaki. Wengi huanza safari ya hospitali wakati huo.

Kufikia hapo njia ya chakula imekwisha kubanwa. Umio ni mrija unaotanuka, hivyo mgonjwa hahisi kizuizi mpaka sehemu kubwa ya uwazi wake iwe imezibwa na uvimbe. Kwa wengi, kinachowezekana ni kuwekewa kijibomba cha kuupanua mrija huo ili aweze kumeza katika muda uliosalia.

Kati ya siku seli za kwanza zilipobadilika na siku pande la nyama lilipokwama, hupita miaka. Swali ambalo wanafizikia na madaktari wamekuwa wakilishughulikia tangu miaka ya 1990 ni iwapo mabadiliko hayo yanaweza kuonekana katika kipindi hicho cha ukimya, papo kwa papo, bila kusubiri majibu ya maabara. Mojawapo ya majibu yao ni mwanga. Huu si mwanga wa eksirei wala mionzi ya kutibia saratani. Ni mwanga wa kawaida wa taa, uliochujwa kwa namna maalumu na kupimwa jinsi unavyotawanywa na seli.

Ili kuelewa kinachotafutwa, ni lazima kwanza kujua saratani inavyofanana kabla haijawa uvimbe.

Saratani nyingi, zikiwamo za umio, mlango wa kizazi, utumbo mpana, kibofu cha mkojo na kinywa, huanzia katika utando wa juu unaofunika viungo hivyo. Utando huo ni mwembamba, mara nyingi chini ya nusu milimita. Ndani ya kila seli ya utando huo mna kiini, ambacho kwa seli yenye afya huwa na kipenyo cha mikromita 5 hadi 7 hivi, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele.

Seli inapoanza kuelekea kwenye saratani, kiini chake huvimba. Kinaweza kufikia mikromita 10, 15 au zaidi. Hubeba vinasaba vingi kuliko kawaida, umbo lake hupoteza usawa, na viini vya seli jirani husongamana. Hali hiyo wataalamu huiita displasia. Si saratani bado, na mara nyingi huweza kuondolewa kwa tiba ndogo. Mtaalamu wa patholojia huitambua kwa kutazama kipande cha nyama kilichokatwa, kikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini.

Shida ni kwamba daktari anayetazama umio kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa kinywani, mara nyingi haoni tofauti yoyote kati ya sehemu yenye displasia na sehemu yenye afya. Zote ni nyekundu, zote ni laini. Analazimika kukata vipande hapa na pale kwa kubahatisha. Katika nchi tajiri, utaratibu uliozoeleka kwa wagonjwa wenye hatari kubwa umekuwa kukata vipande vinne katika kila sentimita moja au mbili za umio ulioathirika, na hata hivyo sehemu kubwa ya utando hubaki bila kuguswa.

Mwanga na mlima

Asubuhi ya hewa safi, mtu anayesimama Soweto akatazama Kibo huona mbingu ya buluu na, mara nyingi, wingu jeupe likiwa limekaa kifuani mwa mlima. Mwanga unaofika machoni kutoka pande zote mbili ni wa jua lilelile. Tofauti inatokana na ukubwa wa vitu vinavyoutawanya. Molekuli za hewa ni ndogo mno kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, nazo huitawanya zaidi rangi ya buluu, kama alivyoeleza mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1871. Matone ya maji ya wingu ni makubwa, nayo hutawanya rangi zote karibu kwa usawa, ndiyo maana wingu huonekana jeupe.

Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alichapisha hesabu zinazoonyesha jinsi tufe la ukubwa wowote linavyotawanya mwanga. Hesabu hizo zina matokeo ambayo baadaye yaliwavutia madaktari: ukipima mwanga uliotawanywa, rangi kwa rangi, unaweza kurudi nyuma na kukadiria ukubwa wa kitu kilichoutawanya, hata kama kitu chenyewe hukioni. Kiini cha seli, kwa umbo lake la kukaribia tufe, kinafaa katika hesabu hizo.

Lakini kuna kikwazo. Mwanga unaomulikwa juu ya utando wa mwili hauishii kwenye utando huo. Sehemu kubwa hupenya, hugongana mara nyingi na nyuzi, damu na tishu za chini, kisha hurudi juu ukiwa umechanganyikana. Mwanga uliogonga kiini kimoja tu cha utando wa juu na kurudi moja kwa moja ni asilimia chache ya wote unaorudi. Ni kama kujaribu kusikia mnong'ono katikati ya soko la Mbuyuni siku ya gulio.

Hapo ndipo polarisheni inapoingia.

Mwanga ni wimbi linalotikisika. Kwa kawaida mitikisiko yake huelekea kila upande kwa wakati mmoja. Ukipitishwa kwenye kichujio maalumu, hubaki mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu, na huo ndio mwanga wenye polarisheni. Mfano wa kamba husaidia: kamba inayotikiswa juu na chini hupenya katikati ya fito za ua zilizosimama wima, lakini ikitikiswa kulia na kushoto huzuiwa na fito hizohizo.

Mfaransa Étienne-Louis Malus aliligundua jambo linalohusiana na hilo mwaka 1808, alipotazama kwa kipande cha fuwele mwanga wa jua la machweo ulioakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg jijini Paris. Aliona mwako ukiongezeka na kupungua kadiri alivyoizungusha fuwele. Anayevaa miwani ya jua yenye vichujio vya aina hiyo anaweza kuona jambo hilohilo katika shamba la migomba baada ya mvua: majani yanayong'aa kwa weupe hugeuka kuwa ya kijani, kwa sababu mng'aro wa juu umezuiwa na kilichobaki ni mwanga uliotoka ndani ya jani.

Katika tishu za mwili, kanuni ni hii: mwanga uliogongana na kitu mara moja na kurudi huhifadhi mwelekeo wa mtikisiko wake, na ule uliozunguka chini kwa kugongana mara nyingi huusahau. Kwa hiyo mtafiti humulika utando kwa mwanga wenye polarisheni, kisha hupima mara mbili: kwanza mwanga unaorudi ukiwa na mwelekeo uleule wa awali, pili ule wenye mwelekeo unaokingamana nao. Mwanga wa chini umegawanyika nusu kwa nusu katika vipimo vyote viwili. Ukitoa cha pili kutoka cha kwanza, mchanganyiko wa chini hujifuta wenyewe na hubaki habari ya utando wa juu. Mng'aro wa ute ulio juu kabisa, ambao nao huhifadhi mwelekeo, hukwepwa kwa kuinamisha pembe ya taa.

Ni hesabu ya kutoa tu, lakini inafanya kazi ambayo kisu hufanya kwa kukata.

Kutoka maabara hadi kooni

Kundi lililoifikisha mbinu hii kwa wagonjwa lilikuwa katika maabara ya spektra ya chuo cha MIT nchini Marekani, likiongozwa na Michael Feld, pamoja na watafiti Lev Perelman na Vadim Backman. Mwaka 1998 walionyesha kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye utando una mawimbi madogo katika spektra yake yanayotokana na viini vya seli. Kiini kikiwa kikubwa, mawimbi hayo hubanana zaidi. Viini vikiwa vingi, hupanda juu zaidi. Mwaka 1999 walieleza namna ya kutumia polarisheni kuyatenga.

Mwaka 2000 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature, yakihusu viungo vinne: umio, utumbo mpana, kibofu cha mkojo na kinywa. Mwaka huohuo, uchunguzi wa umio katika sehemu 76 za wagonjwa 13 ulionyesha kuwa kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kiliitambua displasia kwa asilimia 90, na kwa asilimia 90 kiliziachia sehemu zisizo na tatizo. Kigezo kilikuwa rahisi kueleweka: ikiwa zaidi ya asilimia 30 ya viini vina kipenyo kinachozidi mikromita 10, sehemu hiyo ni ya kutiliwa shaka.

Wagonjwa 13 ni wachache, na hakuna mtaalamu makini anayeweza kujenga huduma ya taifa juu ya idadi hiyo. Hata hivyo, kanuni ilikuwa imethibitika ndani ya mwili wa binadamu aliye hai.

Mwaka 2001 kundi hilo lilitoa picha za rangi zilizotengenezwa kwa mwanga wenye polarisheni, kila nukta ya picha ikionyesha ukubwa wa viini vilivyo chini yake. Mwaka 2010 Perelman, akiwa sasa Boston katika hospitali ya Beth Israel Deaconess, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kifaa kinachopita ndani ya endoskopi ya kawaida, huzunguka chenyewe bila kugusa ukuta wa umio, na kumwonyesha daktari mahali pa kukata kipande. Daktari bado hukata, ila hakati kwa kubahatisha.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, ambacho kina ushirikiano wa miaka mingi wa utafiti na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi, mtafiti Adam Wax alifuata njia ya jirani. Badala ya kutegemea rangi, alipima pembe ambazo mwanga hurudi kutoka kwenye viini, kwa mbinu inayoweza pia kuchagua kina kinachosomwa. Matokeo ya mwaka 2011 kwa wagonjwa 46 na sehemu 172 za umio yalionyesha kuwa hakuna sehemu yenye displasia iliyokiponyoka kifaa hicho. Kiliziachia kwa usahihi asilimia 84 ya sehemu zisizo na displasia.

Umio wa Boston na umio wa Kilimanjaro

Msomaji wa Moshi anaposoma takwimu hizo, hana budi kuuliza ni umio gani uliopimwa.

Wagonjwa wa tafiti hizo walikuwa na hali iitwayo umio wa Barrett, ambayo hutokana na tindikali ya tumbo kupanda juu kwa miaka mingi na kuubadilisha utando wa sehemu ya chini ya umio ufanane na ule wa utumbo. Saratani inayotokana na hali hiyo ndiyo iliyoongezeka Ulaya na Marekani. Utando wa Barrett ni wa safu moja ya seli ndefu, hivyo viini vyake viko karibu kabisa na uso. Kwa mwanga wenye polarisheni, ambao nguvu yake ni kusoma juujuu, huo ni uwanja wa nyumbani.

Saratani ya umio inayowapata watu wa Kilimanjaro ni ya aina nyingine. Karibu yote ni ya seli bapa, zile zinazofunika umio tangu kuzaliwa kwa mtu, zikiwa zimepangwa safu juu ya safu kama matofali. Na hapa pana jambo ambalo makala nyingi za kusifu teknolojia hulipita haraka: katika utando wa namna hiyo displasia huanzia safu ya chini kabisa, kisha hupanda. Safu za juu zinaweza kuonekana za kawaida wakati tatizo limekwisha kuanza chini. Kifaa kilichofunzwa kusoma uso wa Barrett kinaweza kupita juu ya displasia changa ya mtu wa Kilimanjaro bila kuiona. Mbinu zinazochagua kina, kama ile ya Duke, zina nafasi nzuri zaidi, lakini nazo zinahitaji kupimwa kwa umio wa aina hii kabla ya kuaminiwa.

Ukubwa wa tatizo hauna shaka. Kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, kuna ukanda ambao saratani ya umio wa seli bapa huwapata watu kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na baadhi yao wakiwa bado vijana. KCMC ilikuwa moja ya vituo vitatu vya utafiti mkubwa wa kutafuta visababishi, ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC). Vingine vilikuwa Eldoret nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi.

Moja ya mambo yaliyochunguzwa Kilimanjaro ni chai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti walipima joto la chai wakati watu 188 wa mkoa huo walipoanza kuinywa. Wastani wa fundo la kwanza ulikuwa nyuzi 70.6 za Selsiasi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2016, IARC iliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Chai ya maziwa, inayochemshwa pamoja na maziwa yake na kunywewa ingali inatoa mvuke, ni ya kila siku katika nyumba na mikahawa ya Moshi. Wataalamu wanasisitiza kuwa joto si sababu pekee; pombe na tumbaku vimo, na mengine bado yanachunguzwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kipindi cha ukimya kipo, na kwamba mtu anaweza kukutwa ndani yake, umetoka kwa majirani. Madaktari wa hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, waliwaalika watu 305 wasio na dalili yoyote, wakawatazama umio kwa endoskopi baada ya kuupulizia maji ya iodini. Seli zenye afya hunyonya iodini na kuwa za kahawia. Zenye displasia hubaki na rangi hafifu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa asilimia 14.4 ya watu hao walikuwa na displasia. Ni watu waliokuwa wakila nyama na ugali bila taabu.

Iodini haihitaji kompyuta wala hesabu za Mie. Kasoro yake ni kwamba huunguza kifua kwa muda, na sehemu zenye uvimbe wa kawaida nazo huweza kukataa rangi, hivyo vipande vingi hukatwa bure. Hilo ndilo pengo ambalo kifaa cha mwanga kingeweza kuliziba: kuelekezwa kwenye madoa ambayo iodini imeyaacha, kisha kusema lipi lina viini vilivyovimba na lipi halina.

Siki ni mtawanyiko

Kwa upande wa saratani ya mlango wa kizazi, mwanga uliotawanywa umekuwa ukiwatumikia wanawake wa Tanzania kwa miaka mingi bila kuitwa kwa jina hilo.

Katika kliniki zinazotoa huduma hiyo, muuguzi hupaka kwenye mlango wa kizazi siki iliyochanganywa kwa asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, kisha hutazama kwa tochi au taa. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Weupe huo si rangi ya siki. Tindikali hubadilisha kwa muda protini za seli, hasa katika viini, na viini vikubwa vilivyosongamana huanza kutawanya mwanga mwingi kuliko awali. Sababu ni ileile inayolifanya wingu la Kibo liwe jeupe. Baada ya dakika chache weupe hutoweka.

Udhaifu wa kipimo hicho ni jicho. Wauguzi wawili wanaweza kumtazama mwanamke mmoja wakatoa majibu tofauti, na maambukizi ya kawaida huweza kuleta weupe unaofanana. Tena ute unaong'aa huakisi taa na kuficha doa. Ndiyo maana baadhi ya vifaa vya kisasa vya kupigia picha mlango wa kizazi vimewekewa vichujio viwili vya polarisheni vilivyokingamana, ili kuuondoa mng'aro huo. Hapa kanuni imegeuzwa: katika umio mtafiti hutunza mwanga uliohifadhi mwelekeo na kutupa wa chini, katika picha hizi mwanga wa juu ndio unaotupwa.

Nchini Ufaransa, watafiti wa École Polytechnique walikwenda mbali zaidi kuanzia miaka ya 2010. Walionyesha kuwa nyuzi za kolajeni zilizo chini ya utando wa mlango wa kizazi wenye afya zimepangwa kwa utaratibu unaouzungusha mwelekeo wa mwanga, na kwamba mpangilio huo huvurugika penye mabadiliko ya kuelekea saratani. Kazi hiyo ilianza kwa kutumia vipande vilivyokwisha kuondolewa kwa upasuaji.

Huko Duke, kundi la Nimmi Ramanujam lilitengeneza kolposkopi ndogo inayoshikwa kwa mkono na kuunganishwa na simu au kompyuta ndogo, badala ya chombo kikubwa cha mezani ambacho asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani Hans Hinselmann wa mwaka 1925. Ilipojaribiwa Lima, Peru, na matokeo kuchapishwa mwaka 2018, picha zake zililingana vizuri na zile za chombo cha kawaida.

Takwimu zinaeleza kwa nini jambo hili ni la haraka. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,500. Kilimanjaro ndio mkoa uliochaguliwa mwaka 2014 kwa majaribio ya chanjo ya virusi vya HPV, visababishi vya karibu saratani zote za aina hii, kabla ya chanjo hiyo kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Wasichana wa darasa la nne waliochanjwa wakati huo sasa ni wanawake vijana. Mama zao na shangazi zao hawakuipata, na kwao kinga iliyopo ni uchunguzi.

Ngozi, na mipaka ya mwanga

Kiungo ambacho mwanga wenye polarisheni umekwisha kuzoeleka zaidi katika tiba ni ngozi. Dematoskopi, lenzi yenye taa na vichujio vilivyokingamana, huondoa mng'aro wa juu na kumwezesha daktari kuona mishipa midogo ya damu na mpangilio wa rangi chini ya uso. Jambo hilo lina uzito wa pekee Moshi, kilipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika eneo la KCMC. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga dhidi ya jua la tropiki, ni miongoni mwa wanaohudumiwa hapo, na kituo hicho kilianza kutengeneza mafuta yao maalumu ya kujikinga na jua.

Ni vyema pia kueleza kile ambacho mbinu hii haiwezi kufanya. Mwanga unaohifadhi polarisheni hausomi zaidi ya sehemu ndogo ya milimita. Hautambui uvimbe ndani ya titi, tezi dume, ini wala kongosho. Huhitaji kufikishwa juu ya utando wenyewe, na kwa umio hakuna njia ila endoskopi, ambayo humtaka mgonjwa akae saa kadhaa bila kula. Aidha, viini huweza kuvimba kwa sababu ya maambukizi au uvimbe wa kawaida, hivyo jibu la kifaa ni sababu ya kukata kipande, wala si hukumu. Mtaalamu wa patholojia hajapoteza kazi yake.

Kuhusu gharama, taa ndogo na vichujio ni bei nafuu. Kilicho ghali ni endoskopi yenyewe, mtu aliyefunzwa kuitumia, na umeme usiokatika wakati mrija uko kooni mwa mgonjwa.

Kwa upande wa tiba, hali ya kanda ya kaskazini imebadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Moshi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Desemba 2016 KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipata kituo chake cha huduma za saratani, ambapo dawa za kemikali zilianza kutolewa.

Mwanamke anayekutwa na doa jeupe baada ya siki, na ambaye doa hilo ni dogo na linaonekana lote, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kifaa cha joto. Ncha yake, yenye joto la takriban nyuzi 100, huguswa kwenye doa kwa muda usiozidi dakika moja. Hahitaji kulazwa. Hupewa maelekezo ya kujitunza, huambiwa arudi kupimwa tena baada ya mwaka mmoja, kisha hurudi nyumbani.